Parcelle Yetu na Shamba la Maharagi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa jalon, ile fimbo ndefu ya rangi nyekundu na nyeupe, nikaambiwa nisimame nayo wima huko Nguba, mtaa wa mjini kwetu ulio kwenye mteremko unaoangalia ziwa. Nilikuwa chaîneur, mtu wa kuvuta mnyororo wa kupimia na kushika fimbo, huku géomètre, mpimaji mwenyewe, akichungulia katika chombo chake.

"Usitikisike!" alinipigia kelele. "Ukitikisika, muzee wa watu anapoteza jiko yake."

Nilidhani ni mzaha. Baadaye nilielewa kwamba fimbo ikiinama kidogo, ukuta wa mtu unahama.

Kutoka Nguba tulitumwa Bagira, mtaa mwingine wa mji. Huko nilijifunza kuzika borne, jiwe la saruji linalowekwa kwenye kila kona ya kiwanja. Viwanja vilikuwa vidogo, na watoto walipokua viligawanywa tena. Palipokuwa na mboga pakawa chumba, palipokuwa na migomba pakawa choo. Mimi na mke wangu, Mama Furaha, tulipanga vyumba viwili huko huko. Lakini familia yake ilikuwa imetupatia parcelle, yaani kiwanja, kijijini kwao Miti, juu kando ya barabara, tujenge nitakapostaafu. Alikuwa ameshachagua mlango utaangalia wapi.

Kisha kazi ikatufikisha Miti. Watu wa mjini walikuwa wakitafuta viwanja huko, na vijana wa kijiji nao walikuwa wakioa. Familia ya mke wangu ikaomba shamba lake la bondeni likatwe viwanja. Lilikuwa na udongo mweusi, na nyumba zao zote zilikula maharagi yake. Aliyesukuma zaidi ni Murhula, mtoto wa kaka yake. Alikuwa na mchumba, hana pa kujenga.

Géomètre principal, mkubwa wetu, aliwakusanya shambani. "Mimi nakata kile munanionyesha," alisema. "Lakini musemezane mbele ya borne kuingia. Ikishaingia, ni tribunal tu, mahakama, ndiyo inaitoa. Na nyumba haizaake maharagi."

Mke wangu alikuwa ametuletea chakula. Akaweka sufuria chini.

"Murhula, unataka nini, shamba ao nyumba?"

"Tantine, mimi nataka bibi. Baba yake anasema hatatoa mutoto akuje kulala inje."

Watu walicheka. Mke wangu hakucheka.

"Basi ujenge kwa parcelle yetu, kule juu. Kule iko mawe tupu, hata muhogo haipendi. Hapa muache." Akanigeukia. "Papa Furaha, unasema nini?"

Nilikuwa nimepima viwanja vya watu wengi, na kile ndicho pekee ambacho kingekuwa changu. Mwishowe nikaokota jalon, nikaanza kupanda kilima. Géomètre principal akanifuata akihema.

"Huyo bibi yako," alisema, "angekuwa géomètre, sisi wote tungekosa kazi."

Tuligawanya parcelle yetu kwa Murhula na binamu zake wawili: nyumba zikaribiane, uwanja uwe mmoja, tangi la maji ya mvua liwe moja. Nao wakaahidi mbele ya kapita, mkubwa wa kilima, kwamba shamba halitakatwa.

Sisi tulibaki Bagira. Mvua ilipopenya paa, mke wangu aliweka sufuria chini ya matone, nami nilijua anawaza nini. Alifariki mwaka jana katika vyumba vile vile vya kupanga. Sikumjengea nyumba. Katika matanga, binti yetu Furaha aliniuliza, "Papa, ile parcelle haikuumake roho?"

"Inaniuma, mama," nilimjibu. "Mpaka leo."

Ninyi mnaopima sasa kwa mashine zinazosema na satelaiti, sina la kuwafundisha kuhusu vipimo. Nawaomba tu mkifika kijijini muulize watu watalala wapi na watakula wapi, na muulize yote mawili siku moja.

Mimi nimestaafu. Msimu wa kupanda ukifika, ninaenda Miti kulima sehemu ya mke wangu katika lile shamba la bondeni. Silimi vizuri.

"Papa, mustari imepinda!" wanawake wananitania. "Ni vile ulikuwa unapimiaka watu?"

Mke wa Murhula anakuja, ananisogeza kidogo kwa bega, anaweka jembe lake kando ya langu. Tunalima pamoja kuelekea mwisho wa shamba, ambao bado uko mbali.