Fundi Aliyegoma Ndani ya Mashua

Ukungu bado umelalia Ziwa Edward, na Kambere Ézéchias tayari yuko chali mchangani, nusu ya mwili wake chini ya mashua iliyoegemezwa kwenye magogo. Anasukuma pamba ndani ya ufa kwa patasi butu, kisha anapaka lami ya moto. Moshi unamwingia machoni. Hana muda wa kujifuta.

"Mi niko nachoka," anasema fundi huyo wa miaka 54, bila kugeuza kichwa. "Mais hii mashua inapashwa kurudi mu mayi."

Hapa ni Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi katika teritwari ya Beni. Mashua za mbao hubeba watu na mizigo hadi vijiji vingine vya ufukweni, na zikirudi huwa zimelegea misumari, nyingine zimegongwa na viboko. Ézéchias huzipokea, huziziba, huziachilia. Mkewe, Kavugho Joyeuse, ndiye anayezijaza chakula: viazi vya Kipese, unga wa muhogo, chumvi na kabichi, anavyonunua Butembo na kuteremka navyo kwa lori kupitia Beni.

Hawakuzaliwa ziwani. Walikuwa na nyumba katika mji mdogo wa Mangina, ambako Ézéchias alitengeneza milango na madirisha. Mwaka 2018, Ebola ilipoingia, karakana yake ikageuka ya majeneza. La mwisho lilikuwa la mtoto wa jirani, aliyezoea kuja kuokota maranda ya kuwashia jiko la mama yake.

"Sikupima," anasema. "Nilijua urefu yake."

Baadaye vita viliwafukuza. Wakakimbilia Butembo, wakapanga chumba katika mtaa wa Mususa. Mafundi mbao walikuwa wamejaa mjini, kazi haikupatikana, hadi shemeji yake mvuvi alipomwita ziwani.

Mwezi uliopita, nahodha kijana aitwaye Mathe alimletea mashua yenye ufa mdogo. Abiria walishajipanga ufukweni, na mizigo ya Joyeuse pia. Ézéchias alipobandua bati la zamani lililofunika ufa, patasi ilizama ndani ya ubao kama kwenye ndizi mbivu.

"Itangoja mpaka kesho kutwa," alimwambia Mathe.

"Papa Ézé, batu banangoja! Piga tu bati ingine juu, tuende."

"Hapana. Hii ubao imeoza."

Mathe akaita vijana waisukume majini. Ézéchias hakubishana tena. Aliingia mashuani, akaketi juu ya ubao uleule, akakunja mikono.

Joyeuse, aliyekuwa akitazama kabichi zake zikinyauka juani, alimsogelea. "Papa Ariel, toka," alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Batu bote banatuangalia."

Hakutoka. Alikaa hadi Mathe akachoka kufoka, akaenda zake.

Abiria walihamia mashua nyingine, yenye viraka vya bati kama ile, isiyobakiza nafasi ya mizigo ya Joyeuse. Ikafika salama. Jioni habari hiyo ilipokuja kwa simu, ufukwe mzima ulimcheka fundi. Joyeuse aliuza kabichi kwa hasara, na chakula cha usiku walikila bila kusemeshana.

Siku mbili baadaye mashua ya Mathe iliondoka na ubao mpya. Nahodha hakuaga. Lakini safari iliyofuata aliileta kwa fundi yuleyule. "Ningeipeleka kwa nani?" anauliza sasa, akitazama pembeni.

Ézéchias hajutii. "Bale bengine bafika muzuri, namushukuru Mungu. Bacheke tu. Mi sitaki tena kutengeneza sanduku ya mutoto wa mutu."

Baadhi ya majirani zao wa zamani wameanza kurudi Mangina. Joyeuse bado anaogopa. Husema wangoje kwanza mwaka mmoja. Mumewe amekubali kungoja, ila ameshaanza kuweka kando mbao nzuri, mojamoja. Nyumba yao ilichomwa, lakini akiulizwa ataanza na nini hataji nyumba.

"Kitanda," anasema. "Ya pana, ya mimi na mama. Tangu tulikimbia, tunalala chini."

Anaichukua tena patasi yake.

"Nikiimaliza, nitalala. Na mutu asiniamushe."