Aliyeitika Labeka Alipewa Damu

“Binti, huyu anafika au hafiki?”

Hilo, yaani atapona au la, ndilo swali la kwanza nililoulizwa kazini, asubuhi yangu ya kwanza katika hospitali moja upande wa Changamwe, miaka ya themanini. Aliyeuliza alikuwa Daktari Mkuu wa Upasuaji, mzaliwa wa Likoni, mtu mrefu asiyeinua sauti. Kitandani alilala kuli aliyebanwa na mzigo, nyonga imevunjika. Nilipima presha, nikashika mpigo wa moyo.

“Sijui, daktari.”

“Wajua nini basi? Chuo kizima umekimaliza.”

Akainama. “Bwana Athmani!”

“Labeka,” kuli akajibu kwa sauti nyembamba.

“Anafika,” akasema Mkuu. “Mtundikieni damu.”

Vijana mnaosomea kazi hii leo mna mashine za kuwaonyesha mshipa unaovuja. Sisi tulikuwa na eksirei, dripu za maji ya chumvi, na benki ya damu ambayo mara nyingi ilikuwa friji tupu. Na nyonga ikivunjika vibaya huvuja kwa siri. Fupanyonga ni kama bakuli, na nyuma yake imepita mishipa mingi. Bakuli likipasuka, damu humwagikia ndani. Shuka hubaki jeupe huku mgonjwa akiisha. Ndiyo maana ilibidi mtu akadirie mapema nani matibabu yatamfaa, kwa sababu damu haikutosha wote.

Kipimo cha Mkuu kilikuwa neno moja. Alimwita mgonjwa kwa jina, kwa heshima, akangoja. Kwa desturi ya pwani mwanamume akiitwa hivyo huitika labeka, mwanamke abee. Mkuu alisema ubongo ukianza kukosa damu, adabu ndiyo hutoka kwanza. Aliyeitika vizuri alipewa damu. Kisha Mkuu aliweka viganja juu ya mifupa miwili ya nyonga, akaibana na kuitikisa ili ajue imeachana kiasi gani. Nasi wanagenzi tukapanga foleni, kila mmoja akatia mkono wake ajifunze. Vitabu vyetu vilifundisha hivyo hivyo. Asiyeitika alifunikwa shuka na kuachwa apumzike.

“Umewahi kuona niliyemwambia hafiki akafika?” Mkuu aliniuliza siku moja tukinywa chai.

“Sijaona, daktari. Lakini unayemwambia hafiki hapewi damu. Angefikaje?”

Sista Mkuu wa wodi, mama wa Kirabai aliyekuwa ameketi nasi, alikohoa ndani ya kikombe.

“Unanishuku?” Mkuu akauliza.

“Nashuku kipimo.”

“Kipimo ni mimi, mwanangu.”

Tangu hapo niliacha kuamini chochote katika wodi ile. Palikuwa na jambo jingine lililoninyima raha. Baadhi ya walioitika vizuri, wakapewa damu, walishuka presha ghafla wakati sisi bado tumezunguka kitanda. Mkuu alisema nyonga ina hila. Mimi sikukubali neno hila kama maelezo. Nilishuku chupa za damu kwamba zimekaa sana. Nilishuku dawa ya usingizi. Nilimshuku hata fundi wa maabara kwamba halinganishi damu sawasawa, nikaenda kusimama nyuma yake mpaka akaniuliza kama nimetumwa na polisi.

Ndipo akaletwa Wafula. Alikuwa tanboi, yaani utingo wa lori, mtu wa Bungoma, amepanga chumba Mikindani. Trela lilirudi nyuma likambana ukutani. Eksirei ilionyesha nyonga imefunguka mbele na kuachia nyuma. Ndugu yake mdogo, Barasa, ndiye aliyemleta kwa pikapu ya kuazima.

Mkuu akainama kama kawaida. “Bwana Wafula!”

“Nini?”

Mkuu akangoja, akaita tena. “Bwana Wafula!”

“Nini tena?”

Mkuu akajinyoosha. “Akili imeshaondoka. Hafiki huyu. Ile damu iwekeni, huenda akaja mwingine.” Akaelekea ofisini bila kumgusa.

Barasa alinishika mkono wa koti. “Daktari, amesemaje? Akili imeondoka wapi?”

“Ndugu yako hakuitika anavyopaswa.”

“Lakini yeye ndivyo anaitika! Hata mama akimwita anasema nini tena. Ameshapigwa viatu juu ya hiyo nini.”

Nilirudi kitandani. Uso wa Wafula ulikuwa umepauka, midomo imekauka, mpigo unakimbia. Nilimuuliza nani aliyemleta.

“Si ni huyu mjinga,” akasema, amefumba macho. “Ameniendesha kama amebeba kabichi.”

Sista Mkuu aliangua kicheko, kisha akaniangalia. Sote wawili tulikuwa tumesikia mtu mwenye akili timamu. Nilikwenda ofisini.

“Daktari, mgonjwa anajua aliko, anajua aliyemleta, na ana kinyongo naye. Ubongo wake una damu.”

“Mbona haitiki?”

“Kwao hakuna labeka.”

“Mtu akiitwa lazima aitike.”

“Ameitika, daktari. Ameitika kwa Kiswahili cha kwao.”

“Hiyo nini ni Kiswahili?” akauliza Mkuu. Nilidhani atanifukuza. “Ukimpa damu ile, na jioni akaletwa mwenye kufaa, wewe ndiye utakayekwenda kuwaeleza jamaa zake. Si mimi.”

“Nitaeleza.”

“Haya, mpe. Na nyonga ni yako, mimi siji kule.”

Sikungoja wenzangu. Mimi na Sista tulitundika damu, tukamkaza nyonga kwa shuka lililokunjwa, tukamfunga magoti pamoja, na eksirei ikiwa imeshatuonyesha pa kuvunjika, tukamwacha atulie. Barasa alitoa damu yake pia, huku akinung’unika kwamba kaka atapata akili kidogo. Kufikia jioni presha ilikuwa imepanda, na hakuletwa mwingine. Baada ya wiki nyingi Wafula aliondoka kwa magongo. Mkuu alimsindikiza mlangoni na kumwita kwa jina, makusudi.

“Nini?” akasema Wafula.

“Nenda salama,” Mkuu akamjibu, akanigeukia. “Mmoja, binti. Mmoja hathibitishi kitu.” Katika hilo alisema kweli, nami nilimchukia kwa kulisema kabla yangu.

Baadaye nilihamishiwa Likoni, kisha Kisauni, na miaka ya tisini ilinikuta nikiwa na wanagenzi wangu mwenyewe. Kila kundi nililisimulia habari za Wafula. Niliwaambia: tazameni, ni damu iliyomponya, na neno la mgonjwa si kipimo cha damu mwilini. Nilisimulia kwa uhakika ambao nisingemruhusu mtu mwingine yeyote kuwa nao mbele yangu.

Nimestaafu sasa, nakaa Kiembeni, na wanaonijia kuomba ushauri nawajibu kwa maswali. Ninachokijua kwa hakika ni kichache, na kimojawapo nilikipata nikiwa nakaribia kuacha kazi, kwenye mafunzo ya siku moja ambayo nusura nisiende. Daktari mwenye umri wa binti yangu alisimama mbele yetu akasema nyonga iliyovunjika haibanwi wala haitikiswi. Bonge la kwanza la damu linaloganda humo ndani ndilo imara kuliko yote, na mkono wa daktari ukilivunja, mvujo huanza upya na mwili hauwezi kutengeneza jingine kama lile.

Nilikaa pale nikiwapitia moyoni wagonjwa wote wa wodi ile waliopewa damu, wale walioitika labeka. Wafula peke yake ndiye ambaye hakuna aliyemtikisa.