Siki Katika Kopo la Mzee Fokasi

Saa tatu asubuhi, Mzee Fokasi anabandua nta iliyoziba kopo la bati lenye mkanda wa picha kwa ncha ya bisibisi. Ameketi juu ya mfuko wa saruji, ndani ya ghala analolilinda. Zamani hapa palikuwa sinema, naye ndiye aliyeendesha mashine ya picha. Binti yake, fundi cherehani, leo hakufungua duka. Amekuja kumwona mama yake akitembea kwenye mkanda huo.

Kifuniko kinaachia. Harufu kali ya siki inawavamia hadi macho yanalenga machozi.

"Baba, uliweka siki humu?" binti anatania.

Mzee anachungulia ndani. Mkanda umegandamana, umekuwa donge kama sabuni iliyoloa.

Huwezi kuamini leo, ila mji huu mdogo ulikuwa na sinema tatu. Ya kwanza ilikuwa ukuta tu uliopakwa chokaa, kila mtu na kiti chake kutoka nyumbani. Ya pili ilikuwa na paa la bati. Mvua ikinyesha husikii neno, basi watundu wa viti vya mbele wakawasemea waigizaji.

"Wengine walingoja mvua ndipo waje," anasema mzee. "Maneno ya wale watundu yalikuwa matamu kuliko ya kwenye picha!"

Ya tatu ndiyo hii, viti mia nne na roshani. Picha ikiingia ukungu, ukumbi mzima ulimpigia kelele airekebishe lenzi: "Fokasi!" Jina likamganda hadi leo.

Mkewe alikuwa chini mlangoni, akiuza tiketi dirishani. "Tulipendana kazini. Bosi alikuja kujua tumbo lilipoonekana," anasema mzee.

Siku moja mwenye sinema aliita mpiga picha za sinema, akanasa foleni ya watu na mwuza tiketi wao. Mama huyo alifariki binti akiwa bado hajaanza kutambaa. Hakuacha picha nyingine.

Vibanda vya video vilipoingia, viti vya sinema vikabaki vitupu. Mashine iliuzwa kwa uzito, chuma chakavu. Mzee aliondoka na kopo hilo moja tu, lenye mkanda wa ile foleni. Alilifunga kwa nailoni, akazungushia utepe wa gundi, akamalizia kwa nta ya mshumaa. Hakulifungua tena, ng'o.

"Niliogopa upepo utaula mkanda," anasema.

Fundi wa kuhamishia mikanda kwenye kompyuta, aliyeitwa kwa ajili ya siku hii, anatikisa kichwa. "Mkanda wa aina hii ukizeeka hutoa hewa ya tindikali, ndiyo hii harufu ya siki, mzee wangu. Huachiwa nafasi itoke. Ukiziba, inaurudia na kuula mkanda wenyewe."

Kikulacho ki nguoni mwako. Angeutupa tu juu ya kabati, pengine ungepona. Inaumiza kusikia, na inaumiza zaidi kumtazama anayesikia.

"Basi nimemzika kwa mikono yangu," mzee anasema.

"Usiseme hivyo, Baba. Ulikuwa unamtunza."

Fundi anapenyeza wembe katikati ya donge. Anachokonoa taratibu, kinatoka kipande kifupi, hakizidi urefu wa kiganja. Anakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Uso haupo. Linaonekana dirisha la tiketi, na mkono wa mwanamke ukitokeza, kidole cha mwisho kimepinda kwa ndani.

Binti anainua mkono wake mwenyewe, anauweka kando ya kile kipande. Kidole chake cha mwisho kimepinda vilevile. Maisha yake yote ameambiwa kwamba amechukua kila kitu kwa baba.

"Mama yangu," anasema. Analia waziwazi, na fundi anageukia ukutani.

Wamekubaliana: fundi ataikuza picha hiyo moja, ining'inizwe juu ya cherehani ya binti, wateja wote waione. Mzee naye anatamani watu wa mjini wenye makopo ya zamani wayafungue leo, si kesho.

Kwa mazoea anaokota kipande cha nailoni, aufunike ule mkono usiingie vumbi. Binti anamshika kifundo cha mkono.

"Usimfunike, Baba."