Mwenye Sinema na Mkalimani Wake

Mama yangu hakujua Kihindi hata cha kuombea maji, lakini kwa miaka kadhaa ndiye aliyetutafsiria sinema za Kihindi pale Alief, mtaani kwetu ughaibuni, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Nilimleta kutoka Nakuru nilipojifungua mtoto wa pili, anisaidie kulea nikiwa kazini hospitalini. Wiki za kwanza alikaa dirishani akitazama maegesho ya magari. Kisha siku moja nikampeleka kwenye maduka ya Wahindi kule Hillcroft kununua viungo vya chai. Akaona kanda za video zimepangwa hadi darini, na kwenye nyingi, picha ya mwongozaji aliyemjua tangu ujana wake, enzi za kwenda sinema Nakuru. Jina lake hakuwahi kulitamka sawasawa, kwa hiyo alimwita mwenye sinema. Tuliondoka na kanda nne tukasahau viungo.

Kwa mwenye sinema huyo, Mama alisema, lugha ni pambo tu. Mvua ikinyesha na watu wakiimba, kuna harusi. Ikinyesha watu wamenyamaza, kuna maiti. Mwenye masharubu membamba asiaminiwe. Mjane akipangusa picha ya marehemu ukutani, ujue mwanawe yuko karibu kumkosea. Mzee huyo alikuwa ametengeneza sinema miaka mingi bila kuvunja hata sharti moja, na Mama alimheshimu kama fundi cherehani asiyekosea kipimo.

Jumamosi alasiri sebule ilijaa. Walikuja wauguzi wenzangu Wakenya, na majirani wawili wa Kikongo waliofanya kazi kwenye bohari. Mama alikaa karibu na televisheni akitafsiri kila neno, sauti nzito kwa baba, nyembamba kwa bibi harusi. Tulilia vizuri sana. Jirani mmoja alisema hata mchungaji wake hajawahi kumliza namna ile.

Ilipoingia miaka ya elfu mbili, mwenye sinema alitajirika. Watu wake wakahama vijijini, wakaenda kuishi London katika nyumba zenye ngazi mbili za kupandia ghorofa moja. Mama hakupendezwa, ila aliendelea kutafsiri. Nikaanza kuona kwamba siku hizi kila sinema ilikuwa na mama mzee aliyeko ughaibuni, na kila moja ilimalizika mama huyo akirudi kwao. Niliwaambia wenzangu kwamba mwongozaji ameishiwa, amebaki na hadithi moja.

Duka nalo likaacha kanda, likaanza kukodisha DVD. Jumamosi ya kwanza, binti yangu wa miaka tisa, ambaye husoma kila kitu hata maandishi ya nyuma ya sabuni, alibonyeza rimoti, na maneno ya Kiingereza yakatokea chini ya picha. Mama, ambaye hakuvaa miwani mbele ya wageni, hakuyaona. Kwenye skrini mama mzee alikuwa ameshika mikono ya mwanawe.

"Anasema," Mama akaanza, "mwanangu, umenitunza vizuri, sina neno. Lakini tangu nije huku sijaona kuku aliye hai. Nirudishe nyumbani, nikafie karibu na majirani."

"Shosho, that's not what it says," binti yangu akamwambia nyanya yake. "She says she wants to stay. She's, like, really happy."

Kumbe mama wa kwenye sinema alitaka kubaki, na alikuwa na furaha tele. Majirani wa Kikongo, ambao Kiingereza kilikuwa bado kinawapiga chenga, walitutazama mmoja mmoja wakingoja tafsiri. Mama alikunywa chai yake, akasema maandishi hayo yameandikwa na vijana. Tuliitazama sinema hadi mwisho bila mkalimani. Haikumliza mtu.

Wageni walipoondoka nilimkuta jikoni. Niliumia, niliona aibu, na hasira pia nilikuwa nayo, kwa sababu zamu zangu za wiki ile zilikuwa zimeshapangwa na sikuwa na mtu mwingine wa kubaki na watoto. Nikamwuliza mbona hakuniambia.

"Nimekuambia kila Jumamosi," akasema. "Ulikuwa unalia na wenzako, kisha unaenda kuongeza chai."

Nilitaka kumtajia watoto, nikashindwa. Badala yake nikamwuliza angependa kusafiri lini, nikitumaini atasema tutaona.

"Januari," akasema, bila kufikiri hata kidogo.