Kamis na Fundi Asiye na Haraka

Kamis alikuwa msimamizi wa gereji ya malori Kisenyi, jijini Kampala, kwa miaka kumi na minane, na fundi aliyemtegemea kuliko wote alikuwa Wangila, Mkenya wa Bungoma. Wangila hakuwa na haraka. Kila nati aliikaza, akalizunguka lori, akarudi kuikagua tena. Lakini lori lililopita mikononi mwake halikurudi na ubovu uleule.

Mwaka jana mwenye gereji alimpeleka Kamis mtaa wa Nakawa kwenye semina ya wasimamizi. Mwalimu wao, Erinayo, akawaambia kwamba Waingereza wana msemo: kumwashia mtu moto chini yake.

"Si ataungua?" Kamis akauliza. Watu wakacheka.

"Hapana, mzee. Ni kumtia mtu hima. Mfanyakazi amekaa, amezembea, unamsukuma mpaka ainuke."

Maana ilimwingia. Kwamba msemo ule ni wa mzembe, hilo halikumwingia.

Jumatatu akaanza. Mbele ya mafundi wote akamwita Wangila kobe. Akasimama nyuma yake, simu mkononi, akihesabu dakika. "Wenzako wanamaliza mawili, wewe bado uko na moja!"

"Sawa, mzee," Wangila akajibu, na kweli akaongeza kasi. Kamis akampigia simu mwenye gereji kumweleza jinsi semina ilivyofaa.

Alhamisi Wangila aliinua lori kwa jeki ili afungue giaboksi. Akatafuta magogo ya kuliegemeza, akakuta fundi mwingine anayatumia.

"Bado unatafuta nini?" Kamis akafoka. "Ingia!"

Akaingia. Jeki ikateleza. Walipomtoa, mkono wa kulia ulikuwa umepondeka, na madaktari wakamkata vidole vitatu.

Kamis alimtembelea chumbani kwake Bukoto. Nelima, mkewe, alikuwa anamfunga vifungo vya shati. Njiani Kamis alikuwa amepanga maneno ya kuomba radhi; sasa akavuta kigoda, akaketi.

"Usijilaumu, mzee," Wangila akasema. "Ningeweza kukataa kuingia."

Afadhali angemtukana. Kamis alijua kwamba mtu aliyeitwa kobe siku nne mbele ya wenzake hakatai. Alitaka kusema hivyo. Badala yake akauliza kama dawa zinamsaidia, akanywa chai, akaaga.

Mwezi uliofuata Wangila na Nelima walirudi Bungoma. Kamis alizipata habari kwa mafundi, wale wawili wakiwa wameshavuka mpaka. Namba anayo. Amepiga mara mbili, na mara zote mbili, Wangila alipoitika, Kamis ameulizia mvua na mahindi.