Ushahidi wa Watu Tisa

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, siku ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, kaka yangu Masanja alipowasha kinasa sauti nyumbani kwa baba mkubwa, nje kidogo ya Rujewa. Nakueleza habari hii, mwanangu, kwa sababu jana ulinipigia simu kutoka Kihesa ukanisimulia kwa furaha mpango wa utafiti wako, nami nikakata simu kabla sijasema neno baya. Leo nina hasira bado, ila imetulia kiasi cha kuandika.

Masanja alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu. Mwaka wa mwisho alitakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe wa historia, akachagua mfereji unaomwagilia mashamba yetu ya mpunga: nani aliuchimba, na lini. Swali zuri. Akamwomba baba mkubwa awaite wanaojua. Wakaja wanaume wengine wanane, wadogo zake, wanawe na wakwe zake. Nami nilikuwepo, nimetoka kumaliza kidato cha nne.

Baba mkubwa akasema familia ilipohamia Usangu kutoka kaskazini, ni yeye na babu yetu waliouchimba. Alisimulia vizuri, na watu walicheka alipoigiza babu akizama kwenye tope. Kisha Masanja akamgeukia mmoja mmoja, na kila mmoja akajibu kwamba ni kama kaka alivyosema, au kama baba alivyosema. Kufikia mchana kazi ilikuwa imekwisha. Tukanawa, tukala wali na nyama, akarudi chuoni.

Aliandika kwamba mashahidi tisa walikubaliana bila tofauti yoyote. Mwalimu wake akamsifu kwa hilo, akampa alama ya juu. Sijui mwalimu huyo alikulia nyumba gani ambayo mdogo humbishia mkubwa mbele ya mgeni.

Masanja akampelekea baba mkubwa nakala, imejalidiwa, ina muhuri wa chuo. Msimu uliofuata mvua ilikuwa haba, ukaitwa mkutano wa kupanga zamu za maji. Pale kwetu waliochimba mfereji ndio waliomwagilia kwanza. Mama mdogo, mjane wa mdogo wake baba mkubwa, alikuwa kwenye zamu ya kwanza miaka yote. Safari hii mtoto wa baba mkubwa akasimama na ile nakala, akasoma ukurasa mmoja. Jina la marehemu baba mdogo halikuwemo. Mama mdogo akasogezwa mwisho kabisa, na maji yalipomfikia yalikuwa tope tu. Mpunga wake ukakauka kabla ya kutoa masuke. Alikuwa na watoto wanne.

Masanja aliporudi likizo alikwenda kumwamkia, tukaenda pamoja. Mama mdogo aliitikia, akamwonyesha kigoda.

"Uliwauliza watu wangapi?"

"Tisa, mama. Wote walisema jambo moja."

"Ulimuuliza mmoja. Wengine walikuwa wanamwitikia."

Masanja akajitetea. "Lakini na wewe ulikuwepo siku ile, mama. Mbona hukusema?"

"Nilikuwepo. Nilishika jagi na beseni. Ulininyooshea mikono, nikakunawisha, ukaniambia ahsante."

Ndipo akamweleza. Mfereji ulichimbwa na mumewe na jirani mmoja Msangu, yeye akibeba udongo kwa karai na mimba tumboni. Baba mkubwa alikuwa bado kaskazini. Yule jirani alikuwa hai, anakaa ng'ambo ya daraja. Hakuitwa kwa sababu si wa ukoo. Masanja akamfuata, naye akasimulia vilevile, hata majina ya waliowaazima majembe.

Masanja aliiandikia kamati ya maji barua ya kusahihisha. Wakamjibu kwamba kitabu kina muhuri, barua haina. Mama mdogo akaliacha shamba, akaenda kupeta mchele wa watu kwenye mashine za Rujewa, na kazi hiyo ndiyo aliyokufa nayo.

Sasa wewe unaniambia mtendaji wa kijiji huko Kilolo atakukusanyia wazee kumi na wawili ofisini, utawanunulia soda, na jioni utakuwa umerudi Kihesa. Ukaniambia, "Baba, hao wanatosha." Wanatosha kwa nani? Shamba la ushirika unalotaka kuliandika lilisafishwa na watu, na baadhi ya watu hao bado wanadai vipande vyao. Mtendaji ana maneno yake, na hakuna atakayempinga akiwa amekaa pale.

Futa kikao hicho. Nenda nyumbani kwa kila mmoja, umkute peke yake, hata ikikuchukua wiki mbili. Mtafute mjane, mkwe, jirani wa kabila lingine. Wakipingana, usiwapatanishe kwenye karatasi. Waandike wote, na uandike nani alikuwa amekaa karibu kila mmoja alipokuwa anasema. Mwanamke akikuletea maji ya kunawa, muulize jina lake na alifika lini hapo. Na usimkabidhi mtu nakala kabla hujajua ataipeleka wapi.

Mimi sikufika chuo. Historia nimejisomea dukani kwangu hapa Mbeya, wateja wakinikatiza. Kwa hiyo sikufundishi kuandika. Nakukataza kumwondoa mtu shambani kwake.

Mungu akupe subira ya kukaa jikoni kwa watu, akulinde na sifa za haraka, na kila utakayemtaja asome maandishi yako bila machozi. Nenda salama, mwanangu.