Nilimtuma Mama Mbinguni Kabla ya Saa Yake

Mwanangu, nakumbuka asubuhi ile ya kukimbia vita, na waliokuwepo nawataja wote: mama yetu aliyekuwa mgonjwa, mdogo wangu Furaha, wa miaka minane, mdogo wetu Bahati, wa minne, Papa Bauma, katekista wa kijiji chetu huko Masisi, na mimi Mapendo, mtoto wa kwanza, niliyeacha shule mwaka ule baba alipouawa.

Ilikuwa siku yetu ya nne msituni, tukielekea Itebero. Papa Bauma alitangulia na watoto, Bahati akiwa mabegani mwake. Mimi nilibaki nyuma na mama. Mguu wake ulikuwa umevimba, haukunjiki tena. Tulipofika kwenye kibanda cha shamba lililoachwa, akakaa chini.

"Mapendo, beba batoto muende. Uwaambie nakuja nyuma."

Nilimwachia bidoni ya maji na viazi viwili. Nikaondoka, mwanangu. Njiani nikawaza: nikisema mama anakuja, Furaha ataketi amngoje, na risasi zilikuwa zinasikika nyuma yetu. Basi nilipowafikia nikasema, "Mama ameenda mbinguni."

Papa Bauma akavua kofia. Alitaka kurudi amzike. Nikamwambia nimeshamfunika kwa majani, na wenye bunduki wako karibu. Akamwombea marehemu aliyekuwa hai, nasi tukaitikia Amina. Furaha alilia huku akitembea, lakini alitembea. Hilo ndilo nililotaka.

Huko Mubi, tulikoishia safari yetu, tuliishi kwa kumenya mihogo ya wauza unga wa fufu. Majuma mawili baadaye akaja mama mmoja kutoka njia ileile. Akatua mzigo wake, akatusimulia kwamba katika kibanda fulani alimkuta mwanamke mwenye mguu mbovu, akakaa naye siku mbili mpaka akakata roho, akamzika nyuma ya migomba.

"Kila muntu mwenye kupita alikuwa anamuuliza: Hamukuona batoto batatu? Mukubwa wao anaitwa Mapendo."

Kisu cha Furaha kikasimama kwenye muhogo.

"Yaya, ulisema mama iko mbinguni," akasema. Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Nilitaka mutembee."

"Alikuwa anatuita."

Papa Bauma alipopata habari hakupiga kelele. Afadhali angenichapa. Alinikalisha kwenye gogo mbele ya kanisa.

"Mapendo, unajua hii neno ilitoka wapi? Zamani mbingu ilikuwa ile ya juu tu, kwenye mvua inatokea. Wahubiri wa kwanza walipotafuta jina la makao ya Mungu, wakachukua ile, kwa sababu mukono wa muntu haufiki kule. Baba yangu, katekista kabla yangu, alinikataza kuisema kwenye kilio cha msiba kama sijashika kwanza mukono wa marehemu. Mimi nikavunja, nikakuamini wewe. Ni neno moja tu tuko nayo ya kupatia wenye kulia, na wewe uliifanya kamba ya kuvuta mbuzi."

"Lakini Papa, Furaha iko hai."

"Iko hai. Na mama yake alikufa akiuliza wapita njia."

Nikarudi kwenye mihogo. 

Mwanangu, huenda nawe siku moja ukalazimika kuwachukua wadogo zako na kumwacha mtu nyuma. Sikuambii usiondoke. Mimi ningeondoka tena. Ninachokuambia ni hiki: usimzike aliye hai kwa mdomo wako. Sema, "Tumemwacha, na mimi ndiye niliyemwacha." Watalia, watakupiga ngumi, wabebe hivyohivyo. Neno la mbinguni liweke mpaka siku utakayoshika mkono ukaukuta baridi. Ukilitumia kabla, siku utakapolihitaji kweli hakuna atakayekuamini.

Mungu akulinde njiani. Akupe mgongo wa kubeba wadogo zako na ulimi usioogopa machozi yao.

Mimi bado nadaiwa. Siku ile ya habari za kibanda Furaha alisema, "Utanifikisha kwenye mama alilala, ndipo nitakuita Yaya tena." Nimejaribu mara mbili kumpeleka, na mara zote mbili wenye bunduki walikuwa wamefunga njia. Sasa yeye ana wajukuu. Tukikutana ananipa mkono vizuri, ananiuliza habari za magoti yangu. Ananiita Mapendo.